Mama wa Kumbukumbu na Kitufe cha Jaribu

Watu wakiniuliza ninafanya kazi gani hapa Nachingwea, huwa najibu kwamba ninapeleka majibu ya maabara. Wengi hudhani nina pikipiki. Mama mmoja wa sokoni aliwahi kuniuliza kama ninaweza kumpitishia mzigo wake wa choroko nikiwa njiani.

Ukweli ni kwamba mimi na mwenzangu niliyesoma naye chuo tumeandika programu ya kuunganisha mifumo. Zahanati ya kijijini ina kompyuta yake na mfumo wake. Kituo cha afya kinachopima damu na makohozi nacho kina mfumo wake. Mifumo hiyo haielewani, kama Mmwera na Mmakua waliokutana mnadani na hakuna anayejua Kiswahili. Programu yetu inakaa katikati: inapokea majibu kutoka maabara, inayageuza yasomeke upande wa pili, kisha inayafikisha kule mgonjwa alikotoka.

Nilikuwa na sababu ya kuipenda kazi hiyo. Nimezaliwa Marambo, na miaka ya nyuma mama yangu alitoa damu mjini, akarudi nyumbani, akaja tena baada ya wiki kufuata majibu, akaambiwa bado. Akaja mara ya tatu. Kila safari aliamka alfajiri na kupoteza siku nzima ya shamba. Siku nilipoona jibu la kwanza limetoka maabara na kufika zahanati kabla chai yangu haijapoa, nililia kidogo, nikajifanya ni vumbi.

Ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Seva ilikaa pembeni, juu ya meza ya mbao, na chini yake kulikuwa na mashine nyingine tuliyoiita ghala. Majibu yote yaliyokuwa yakisubiri kwenda kwa wenyewe yalipumzika humo. Ghala halikuwa na neno la siri. Huo ulikuwa uamuzi wangu. Niliona kwamba mtu wa nje hawezi kulifikia, na waliomo ndani ni mimi na mwenzangu, sasa tufunge mlango dhidi ya nani?

Simu iliingia siku moja msimu wa korosho, saa nne asubuhi. Mpigaji alikuwa mama anayetunza kumbukumbu za wagonjwa katika kituo kimoja cha afya cha Ruangwa, kilichojiunga na programu yetu miezi michache kabla. Nilikuwa nimekutana naye mara moja. Alikuwa amekaribia kustaafu, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na anachapa kwa vidole vyote kumi kwa sababu alijifunza kwa taipureta.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Mwanangu, hivi sisi huku tunahusika na wagonjwa wa Ruponda?"

"Hapana mama. Wale ni wa huku Nachingwea."

"Basi mbona nimewaona?"

Nikamwuliza amewaona wapi. Akasema amewaona kwenye ukurasa wetu, alipobonyeza kitufe cha Jaribu.

Kitufe hicho nilikiweka mimi. Kila kituo kina ukurasa wa kuandika anwani, yaani mahali ambapo seva yetu itapeleka majibu yakiwa tayari. Watu walikuwa wakikosea anwani mara kwa mara kisha wananipigia simu. Nikawatengenezea kitufe: andika anwani, bonyeza Jaribu, seva yetu itakwenda kwenye anwani hiyo kisha itakuonyesha ilichokikuta. Nilijisifu sana kwa wazo hilo. Simu zilipungua.

"Haiwezekani, mama," nikamwambia. "Labda umefungua kitu kingine. Labda kuna mtu aliacha karatasi..."

"Mwanangu," akanikata, wala hakupandisha sauti, "nimeanza kushika mafaili ya watu wewe hujazaliwa. Najua faili langu na najua faili la mwenzangu. Hawa si wangu. Nimeandika hatua zote nilizopita. Nikusomee?"

Akanisomea. Alikuwa anataka majibu yaje moja kwa moja kwenye kompyuta ya chumba chake cha kumbukumbu. Fundi aliyewawekea mtandao alibandika ukutani karatasi yenye namba ya kompyuta hiyo. Akaichukua ile namba, akaiandika kwenye ukurasa wetu, akabonyeza Jaribu. Alitegemea kuona kompyuta yake. Akaona orodha ya majina, na mbele ya kila jina zahanati ya mgonjwa, kipimo na jibu.

Nilikata simu nikiwa bado siamini. Nikazima mtandao wa ofisi kwenye simu yangu, nikatumia bando la kawaida kama mtu yeyote aliye barabarani, nikaingia kwa akaunti ya majaribio, nikaandika namba ileile. Nikabonyeza.

Orodha ikaja.

Ilinichukua dakika nzima kuelewa, na nilipoelewa niliona aibu kwamba sikuelewa siku niliyokiandika kile kitufe. Mtandao wa ndani wa kila ofisi una namba zake, na namba hizo hujirudia kila mahali. Kompyuta ya Ruangwa inaweza kuwa na namba fulani, na mashine ya Nachingwea ikawa na namba hiyohiyo, wala zisigombane, maana kila moja inajulikana kwao tu. Mama aliandika namba ya kompyuta yake. Lakini aliyetumwa kuifuata alikuwa seva yetu, na seva yetu ilikuwa Nachingwea. Ilitafuta namba hiyo ndani ya nyumba yake, ikakuta ghala, ikalifungua, ikasoma, ikampelekea. Mtu wa nje hakuweza kulifikia ghala, hilo nilikuwa sahihi. Ila aliweza kumtuma aliye ndani.

Watu wa usalama wa mitandao wanalijua kosa hili na wana jina refu la Kiingereza kwa ajili yake. Nilikuwa nimesoma habari zake chuoni na kulijibu kwenye mtihani. Nadhani hata nilipata.

Nilikizima kitufe papo hapo. Mwenzangu alirudi kutoka kununua maandazi akanikuta nimesimama katikati ya chumba. Nikamweleza. Akakaa kwenye kiti na maandazi yake magotini, hayagusi.

"Umeshakizima?" akauliza.

"Nimekizima."

"Basi kimekwisha. Mama wa watu tumshukuru, tutengeneze, tuendelee."

"Na vituo vingine? Hatuwaambii?"

"Tuwaambie nini? Kwamba majibu ya wagonjwa wao yalikuwa wazi? Kesho asubuhi hakuna hata mmoja atakayebaki. Watarudi kwenye karatasi. Mama yako atarudi kuja mjini mara tatu. Ndicho unachotaka?"

Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa anasema uongo. Hata mimi nusu yangu ilikuwa upande wake. Nikamwomba ufunguo wa pikipiki yake, nikaondoka kwenda Ruangwa.

Barabara siku hizo ilikuwa inachimbuliwa kwa ajili ya lami, magari ya ujenzi yanakwenda na kurudi, vumbi hadi kwenye kope. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kumwomba yule mama asimwambie mtu mpaka sisi tutakapokuwa tayari. Ndivyo nilivyokusudia, na sioni haja ya kujipamba leo.

Nilimkuta katika chumba chake, mafaili ya kahawia yamepangwa hadi karibu na dari. Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akanipa kwanza ndoo ya maji na sabuni ninawe uso. Kisha akafungua saraka ya meza na kutoa karatasi aliyoandika kwa mkono, kwa herufi zilizosimama wima kama za vitabu vya darasa la kwanza. Hatua ya kwanza hadi ya sita, pamoja na saa aliyofanya kila moja.

"Ile orodha sikuichapa," akasema. "Nilichokiona nimekifunga. Isipokuwa jina moja lilishaingia machoni kabla sijafunga. Ni mtu ninayemfahamu."

"Ni nani, mama?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Sasa nikikutajia, nitakuwa nimefunga nini?"

Maneno yote niliyoyapanga barabarani yakaniishia.

"Mimi swali langu ni moja," akaendelea. "Nani mwingine ameiona?"

"Sijui, mama."

"Unaweza kujua?"

"Naweza kujaribu. Seva inaandika kila mahali ilipotumwa, na nani aliyeituma."

"Basi kaanzie hapo. Ukishajua, waambie wenye wagonjwa wao. Mtu akikuta faili lake limelala uwanjani, hataki kusikia kwamba umelirudisha kabatini. Anataka kujua lililala siku ngapi na nani alipita."

Sikumwomba anyamaze. Nilirudi Nachingwea jua bado lipo juu, na mwenzangu alipouliza tumekubaliana nini, nikamwambia tunasoma kumbukumbu za seva, mstari kwa mstari, halafu tunawaita watu wote. Akavuta kiti upande wa pili wa meza na kusema, "Wewe soma za mwezi huu, mimi nisome zilizopita."

Ilituchukua siku tatu. Kila mstari ulikuwa safari moja ya seva: saa, kituo kilichotuma, anwani. Nyingi zilikuwa anwani sahihi za vituo. Zingine zilikuwa makosa ya kawaida, nukta imesahaulika, herufi imerudiwa. Kuna namba moja ya ndani iliyotumwa kutoka zahanati nyingine, nikashika kichwa, lakini tulipoifuatilia tukakuta hakuna mashine ofisini kwetu yenye namba hiyo. Seva ilikwenda, ikakosa, ikarudi mikono mitupu. Mbali na hiyo, aliyeona ghala alikuwa mmoja tu, mama wa Ruangwa, mara moja. Lakini seva yetu ilikuwa inafuta kumbukumbu zake kila baada ya miezi mitatu. Kabla ya hapo hatukuwa na cha kusoma, na jambo hilo ilibidi tuliseme pia.

Wakati huohuo nikaanza kutengeneza. Nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya kwanza: nikaandika amri kwamba mtu akiweka namba yoyote ya mtandao wa ndani, seva ikatae kwenda. Nikajaribu namba kumi, ishirini, zote zikakataliwa. Nikampigia mama nikiwa na furaha, nikamweleza.

"Hongera," akasema. "Na mtu akiandika jina?"

"Jina gani, mama?"

"Mimi kwenye simu yangu sina namba ya mtu. Nina majina tu. Nikibonyeza jina, simu yenyewe inajua namba. Hiyo mashine yenu si iko hivyohivyo?"

Iko hivyohivyo. Mtu yeyote anaweza kusajili jina kwenye intaneti na kulielekeza kwenye namba anayoitaka, hata namba ya ndani. Seva yangu ingeliangalia jina, ikaona si namba, ikaliruhusu, kisha ikaligeuza kuwa namba na kwenda moja kwa moja kwenye ghala. Nilijaribu siku hiyohiyo. Orodha ikaja tena, kama vile sikufanya lolote.

Safari hii sikuona aibu. Nilihisi kitu kama nguvu, kama mtu aliyekuwa akitafuta njia gizani peke yake kisha akasikia sauti ya mwenzake karibu. Nikafuta nilichoandika, nikaanza upya na mwenzangu pembeni yangu. Tukaamua kila kituo kiwe na anwani iliyoidhinishwa kwa kupigiana simu, na seva isiende penginepo. Jina ligeuzwe namba kwanza, namba ikaguliwe, na seva iende kwenye namba hiyohiyo iliyokaguliwa, siyo nyingine. Ikifika mahali ikaambiwa "nenda kule", isiende. Kitufe cha Jaribu kibaki, lakini kiseme tu kama imefika au haikufika, kisionyeshe kilichokutwa. Kazi ya kutembelea anwani tukaipa mashine ya pembeni isiyoliona ghala kabisa. Na ghala likapata neno la siri, kazi ya dakika tano niliyokuwa nimeikataa kwa mwaka mzima na zaidi.

Kisha tukawaita wakuu wa vituo na zahanati zote zilizounganishwa. Tuliazima ukumbi mdogo wa parokia, tukapanga viti. Sijawahi kuogopa watu kama siku ile. Nilisimama nikawaeleza kosa lilikuwa nini, nani aliyelifanya, yaani mimi, nani aliyeligundua, tulichokipata kwenye kumbukumbu, na miezi ambayo hatuna ushahidi wake.

Mganga mfawidhi mmoja, mzee wa makamo, aliinua mkono. "Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu ningemwambia hivi," nikasema. "Tulifunga geti, tukaweka mlinzi. Halafu tukampa mlinzi kazi ya kuchukua chochote anachoagizwa na mtu aliye nje, bila kumwambia asiingie chumbani kwetu. Mtu akamwagiza. Mlinzi akaingia chumbani, akatoka nacho, akampa kupitia getini."

"Na sasa?"

"Sasa mlinzi ana orodha ya anakoruhusiwa kwenda. Chumbani hana ufunguo. Na akirudi, anasema amefika au hajafika, basi."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole. Aliyefuata kusimama alikuwa mkuu wa kituo kingine. Alisema anashukuru kwa ukweli, lakini yeye anajitoa. Akaondoka kabla ya soda. Mwenzangu alinitazama, nami nikasubiri wengine wainuke. Hawakuinuka. Walibaki wakauliza maswali hadi tukachelewa kurudisha funguo za ukumbi, na maswali mengine yalikuwa mazuri kuliko majibu yangu.

Orodha aliyoiona mama ilikuwa na watu kumi na mmoja, wote wa zahanati moja upande wa Ruponda. Muuguzi anayeisimamia alisema atawaambia yeye mwenyewe, mmoja mmoja, wala si kwa barua. Aliniomba niwepo. Tulikaa kwenye benchi kwa siku mbili. Baadhi yao hawakuelewa na walitaka tu kujua kama jibu lao limebadilika. Bibi mmoja aliyejua Kimakonde zaidi ya Kiswahili alitafsiriwa na mjukuu wake wa kike, akauliza kama kompyuta imemwona akiwa amevaa. Tulicheka wote, naye akacheka zaidi yetu. Mwanamume mmoja alikasirika kweli, akanyoosha kidole usoni kwangu, akasema nisijaribu tena maishani mwangu. Nikamwambia sitajaribu. Mwanamke wa mwisho alisikiliza hadi mwisho, akauliza ni nani aliyeliona jina lake.

"Mama mmoja wa Ruangwa," muuguzi akamjibu, "mtunza kumbukumbu. Alifunga papo hapo, akatoa taarifa."

Yule mwanamke aliwaza kidogo. "Basi afadhali aliyeona ni mtu mzima," akasema, akajifunga vizuri kanga yake, akaenda zake.

Mwaka uliofuata mama wa Ruangwa alistaafu. Tulimfuata nyumbani kwake tukamkuta anamenya ming'oko, vile viazi pori vya kwetu kusini, tukamwomba awe anakuja ofisini kwetu mara moja kwa mwezi kuijaribu programu kabla hatujaitoa kwa watu.

"Mimi kompyuta siijui," akasema.

"Ndiyo maana tunakutaka, mama," mwenzangu akamjibu. "Sisi tunaijua, tukaacha mlango wazi."

Alicheka, akasema atafikiri. Alifikiri kwa wiki mbili, kisha akaja na daftari jipya la kurasa mia mbili na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.

Sasa huu ni mwaka wa pili. Akija, anakaa kwenye meza ya dirishani, anavaa miwani, na anafanya kila kitu ambacho mtu wa kawaida angefanya na ambacho mimi singekiwaza. Anaandika tarehe ya kuzaliwa ambayo haijafika. Anabonyeza mara mbili pale panapotakiwa mara moja. Anarudi nyuma katikati ya kazi kwa sababu, anasema, mgonjwa ameitwa na mtu na mhudumu amesahau alipoishia. Akikuta kosa la kawaida anaandika kwa bluu. Akikuta jambo la mgonjwa kuonekana na asiyemhusu, anaandika kwa nyekundu, na siku hiyo hatutoi kitu.

Kile kituo kilichojitoa hakijarudi. Vingine vitatu vimejiunga, na kabla havijajiunga huwa tunawasimulia kisa hiki chote, wakae nacho, waamue. Mwezi uliopita mama aliandika mistari minne tu, yote ya bluu. Alilifunga daftari, akasema mwezi ujao tusimtegemee, ana kipaimara cha mjukuu, labda tujaribu wenyewe na tumpelekee karatasi aipitie. Mwenzangu akawasha pikipiki kumpeleka stendi, nami nikarudi mezani kusahihisha kosa la ule mstari wa kwanza.